Selimundu na Dhana za Msingi za Biolojia: Urithi, Uwezekano na Uteuzi Asilia katika Maelezo ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua baadhi ya dhana za msingi za biolojia ya shule ya sekondari, yaani seli, protini, jeni, urithi na uteuzi asilia, kwa kutumia mfano mmoja wa ugonjwa wa selimundu. Tunadai kwamba ugonjwa huu unaziunganisha dhana ambazo mitaala yetu huzitawanya katika mada na madarasa mbalimbali. Tunadai pia kwamba baadhi ya maneno ya Kiswahili yanayozibeba dhana hizo yana maana za awali ambazo, mwalimu asipozishughulikia, humpotosha mwanafunzi na baadaye mzazi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anaweza kuchora mraba wa Punnett, akaujaza bila kosa na kupata alama zote katika mtihani. Jioni akirudi nyumbani anamsikia shangazi yake akimfariji jirani kwamba mtoto wa kwanza "amekwisha kuuchukua" ugonjwa, basi watatu watakaofuata watakuwa salama. Mwanafunzi huyo hasemi kitu, kwa kuwa haoni mgongano wowote kati ya maneno ya shangazi na mraba alioujaza asubuhi. Robo ni robo: mmoja kati ya wanne.

Shida hii haitokani na hesabu. Katika Kenya, Uganda na Tanzania, biolojia ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa zaidi kwa Kiingereza, lakini maamuzi yanayoihitaji biolojia hiyo hufanywa kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika: sebuleni, kliniki, katika vikao vya posa. Mwanafunzi huvuka mpaka huo kila siku bila mkalimani. Makala haya yanahusu kinachopotea njiani.

2.0 Kutoka herufi moja hadi umbo la mundu

Jina selimundu limeundwa vizuri. Limeunganisha seli na mundu, na anayelisikia kwa mara ya kwanza hupata picha ya kitu kilichopinda. Neno sikoseli, linalosikika sana katika hospitali za Tanzania, halimpi msikilizaji picha hiyo. Hata hivyo, picha ya mundu inaeleza mwisho wa hadithi tu, nasi tunahitaji mwanzo wake.

Seli nyekundu ya damu ni mfuko laini uliojaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Molekuli moja ya himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146 zilizopangwa kwa mfuatano maalumu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu inatofautiana na ya wengine kwa chaji ya umeme. Miaka michache baadaye, mnamo 1956 na 1957, Vernon Ingram akiwa Cambridge alibaini tofauti yenyewe: katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, asidi ya glutamiki imeondoka na mahali pake pamekaa valini. Katika DNA, badiliko hilo ni la herufi moja tu.

Asidi ya glutamiki ina chaji hasi na inapatana na maji. Valini huyakimbia maji. Himoglobini inapoachia oksijeni kwenye tishu, valini hiyo hujishikiza kwenye molekuli jirani, nayo hushikwa na nyingine, hadi nyuzi ndefu ngumu zinajengeka ndani ya seli na kuipinda. Seli iliyopinda haipiti kwa urahisi katika mishipa myembamba. Huziba njia, na hapo ndipo maumivu makali ya mifupa na viungo yanapotokea. Tena haidumu. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, ilhali ya mgonjwa huishi takribani siku 10 hadi 20, na uboho haumudu kuzifidia kwa kasi hiyo.

Mfuatano huu, kuanzia herufi, asidi amino, umbo la protini, umbo la seli, hadi mtoto anayelia usiku, ni muhtasari wa sehemu kubwa ya mtaala. Mwanafunzi aliyeuelewa hahitaji kuambiwa kwamba umbo na kazi katika viumbe huenda pamoja.

3.0 Kurithi ni kupata nini?

Neno kurithi tunalijua kutokana na mali. Baba akifariki, shamba hugawanywa. Aliyepewa sehemu ya juu hakupewa ya bondeni, na kilichochukuliwa na kaka mkubwa hakibaki kwa mdogo. Maana hiyo ina mambo matatu ambayo urithi wa kibiolojia hauna. Mali humtoka mwenyewe, lakini jeni hunakiliwa na mzazi hubaki nayo. Mali hugawanywa na hupungua kwa kila mgao, lakini kila mtoto hupata nusu kamili ya mama na nusu kamili ya baba, awe wa kwanza au wa tisa. Mali hurithiwa mara nyingi kwa kufuata ukoo wa upande mmoja.

Jambo la tatu ndilo linaloumiza watu. Nchini Tanzania neno vinasaba limeenea kwa maana ya jeni, na hata ya DNA yenyewe. Limetokana na nasaba, na katika jamii nyingi za kanda hii nasaba huhesabiwa kwa baba. Lakini mtoto mgonjwa akizaliwa, ni mama anayeulizwa amelileta wapi jambo hili. Kwa jina, ukoo ni wa baba. Kwa lawama, damu ni ya mama. Biolojia haikubali hata moja kati ya hayo mawili. Mgonjwa wa selimundu aliyezaliwa na wazazi wawili wazima amepata jeni moja ya himoglobini S kutoka kwa kila mmoja wao. Haiwezekani upande mmoja peke yake "ulete" aina hii ya ugonjwa. Sioni sababu ya kuliacha neno vinasaba, kwa kuwa linaeleweka na limekwisha kuenea. Ila mwalimu anayelitumia analazimika kusema wazi, katika kipindi kilekile, kwamba nasaba hii ina pande mbili zilizo sawa.

Maneno tawala na fifi yanahitaji tahadhari ya aina hiyohiyo. Mwanafunzi huyasikia na kuwaza mshindi na mshindwa, jeni moja imeinyamazisha nyingine. Kwa mtu mwenye jeni moja ya kawaida na moja ya S, jeni zote mbili hufanya kazi, na damu yake ina himoglobini za aina zote mbili. Tukitazama ugonjwa, jeni ya S huonekana fifi. Tukitazama himoglobini, hakuna iliyofifia. Na kama tutakavyoona, tukitazama malaria, nakala moja ya S inatosha kuleta kinga. Kutawala na kufifia ni namna ya kueleza sifa fulani inayotazamwa. Hakuna jeni iliyozaliwa na cheo.

4.0 Uwezekano na robo isiyo na kumbukumbu

Kiswahili hutumia neno uwezekano kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba jambo linaweza kutokea. La pili ni kiasi cha kutarajia kwamba litatokea. Mhudumu wa afya anapomwambia mama kwamba kuna uwezekano wa robo, mama husikia lile la kwanza, na robo humsikikia kama mgao: mtoto mmoja katika kila wanne. Hapo ndipo faraja ya shangazi inapopata nguvu.

Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kuacha mraba kwanza na kuchukua sarafu mbili. Moja ni ya baba, moja ya mama. Upande mmoja wa kila sarafu umewekwa alama ya S. Kila ujauzito ni kurusha sarafu zote mbili upya. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Darasa la wanafunzi 40, wakigawanywa wawiliwawili na kila jozi ikirusha mara nne, litapata "familia" 20, na ndani yake zitakuwamo zisizo na mgonjwa hata mmoja na pengine yenye watatu. Mwanafunzi aliyeziona familia hizo kwa macho yake atakuwa na la kumwambia shangazi.

Washauri wa sera nao wana sarafu zao. Tuchukue mahali ambapo watu 20 kati ya 100 wanabeba jeni moja ya S. Ikiwa watu wanaoana bila kuzingatia jambo hili, ndoa 4 kati ya 100 zitakuwa za wabebaji wawili, na robo ya watoto wao watakuwa wagonjwa: mtoto 1 kati ya 100 wanaozaliwa. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 ulitumia matone ya damu yaliyokaushwa ya watoto wachanga, yaliyokuwa yamekusanywa kwa ajili ya upimaji wa VVU. Huo ni uwekevu wa kupigiwa mfano. Uligundua wabebaji asilimia 13.3 na wagonjwa asilimia 0.7. Anayepiga hesabu yetu kwa 13.3 atapata asilimia 0.44, pungufu ya kile kilichoonekana. Sababu mojawapo ni kwamba wabebaji hawakutawanyika sawasawa: kuna wilaya zenye wengi na zenye wachache, na watu huoa karibu na kwao. Wastani wa taifa huuficha mzigo wa wilaya, na bajeti iliyopangwa kwa wastani itapungukia palepale inapohitajika.

5.0 Malaria na mchujo

Linabaki swali ambalo mwanafunzi makini huuliza mwenyewe. Ikiwa jeni hii imeua watoto wengi kwa vizazi vingi, kwa nini haijatoweka?

Jibu lilipatikana katika kanda hii. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa jamii mbalimbali za nchi hiyo mwaka 1949. Aliona kwamba wabebaji walizidi asilimia 20 pwani na kando ya Ziwa Victoria, ilhali katika nyanda za juu na sehemu kame walikuwa wachache mno. Mwaka uleule Hermann Lehmann na Alan Raper walitoa taarifa kwamba kati ya Baamba wa magharibi mwa Uganda wabebaji walikaribia nusu ya watu. Ramani ya jeni na ramani ya malaria zilifanana. Allison alirudi na kupima watoto 290 wa Kiganda. Kati ya wabebaji 43, 12 walikuwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 27.9, kati ya wasio wabebaji 247, walikuwa 113, yaani asilimia 45.7. Alichapisha matokeo mwaka 1954. Katika kazi hiyohiyo aliwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume 30 waliojitolea: wabebaji 15 na wasio wabebaji 15. Vimelea vilishika kwa 2 wa kundi la kwanza na 14 wa kundi la pili. Jaribio la namna hiyo leo lingehojiwa vikali na kamati yoyote ya maadili, na ni vema wanafunzi walijadili pamoja na matokeo yake.

Basi jeni moja ya S humkinga mtoto na malaria kali. Jeni mbili humpa ugonjwa. Penye malaria nyingi, wabebaji huishi na kuzaa kuliko wengine, na jeni hubaki. Kwa sababu hiyohiyo imeonekana pia mashariki mwa Saudia, India na Ugiriki, jambo linalowakosoa wanaouita ugonjwa wa watu weusi.

Hapa neno uteuzi katika uteuzi asilia linaleta shida, kwani kuteua kunahitaji mteuzi. Wanafunzi huandika kwamba mwili "ulitengeneza jeni ili kujikinga na malaria". Sentensi hiyo imepindua mpangilio: badiliko la herufi lilitokea kwa bahati, bila kujua kama kuna mbu, na mazingira yakachuja baadaye. Napendekeza mwalimu aanze na mchujo. Chujio la jikoni halina nia wala halijui chai ni nini, lakini majani hubaki juu na chai hupita. Istilahi rasmi inaweza kufuata baada ya picha hiyo kukaa.

6.0 Yanayohusu darasa na kliniki

Mtaala mpya wa sekondari ya chini nchini Uganda, ulioanza kutumika mwaka 2020, unasisitiza umahiri badala ya kukariri. Swali la mtihani linaloendana na msisitizo huo lingekuwa barua: mwandikie shangazi yako, kwa lugha anayoielewa, umweleze kwa nini mtoto wa pili hana kinga iliyotokana na ugonjwa wa wa kwanza. Anayejaza mraba bila kuuelewa hataweza kuiandika.

Kamusi za istilahi, kuanzia Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990, zimetupatia visawe. Kisawe kinamtosha mfasiri. Mwalimu na mhudumu wa kliniki wanahitaji pia mstari mmoja unaosema neno hili katika matumizi ya kila siku humaanisha nini, na maana hiyo inaachana wapi na ile ya kitaalamu. Kwa kurithi, nasaba, tawala, uwezekano na kuteua, mistari hiyo mitano ingetosha kuanzia, nayo iandikwe na wanabiolojia wakiwa wamekaa meza moja na wanaisimu.

Mstari mmoja zaidi usikosekane, kwa kuwa kosa lake huua. Kinga dhidi ya malaria ni ya mbebaji. Mtoto mgonjwa wa selimundu hana kinga hiyo ya kutegemewa, na malaria ni miongoni mwa hatari kubwa zinazomkabili. Mzazi aliyesikia darasani au redioni kwamba "selimundu inazuia malaria", bila kuambiwa ni kwa nani, anaweza kumwondolea chandarua mtoto anayekihitaji kuliko wote nyumbani.