Fahamu: Jiko lipi hupika kwa gharama nafuu?

Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Swali la kila kaya ni gharama.

Ufanisi wa jiko ni nini?

Ni kiasi cha nishati kinachofika kwenye chakula badala ya kupotea hewani. Kwa mafiga matatu ni takribani asilimia 10 hadi 15 tu. Kwa gesi ni zaidi ya nusu, na kwa jiko la umeme la indaksheni ni takribani asilimia 85.

Je, umeme ni ghali?

Inategemea chombo. Sufuria ya umeme yenye presha huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Kwa bei ya kawaida ya shirika la umeme, TANESCO, hiyo ni chini ya Sh400.

Kikwazo kiko wapi?

Ni gharama ya kuanzia: jiko, mtungi wa gesi, kuunganishiwa umeme. Anayenunua mkaa wa kopo kila siku hawezi kutoa fedha hizo kwa mkupuo. Ndiyo maana ruzuku na malipo ya kidogo kidogo ni muhimu, kwa mfuko wa familia na kwa mapafu ya mpishi anayevuta moshi.