NAMBA ZA KURASA: JAMBO DOGO LENYE AMANA KUBWA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyetuneemesha kwa neema ya kusoma na kuandika. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake na Sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu wasomaji, siku hizi maandishi mengi ya madrasa hutoka kwenye kompyuta. Walimu huandaa maelezo ya masomo, wanafunzi huandika risala za mahafali, na wazazi hutuandikia barua na taarifa za kamati. Karatasi hizo hutolewa fotokopi, zikabanwa kwa pini, kisha zikaenda majumbani. Nyingi hutoka bila namba za kurasa, au zina namba zilizoandikwa kwa kalamu dakika ya mwisho. Katika makala hii tutaeleza kwa nini namba hizo zina uzito, kisha tuonyeshe hatua kwa hatua namna ya kuziweka.

KWA NINI KARATASI IHESABIWE?

Tuchukue mfano wa maelezo ya somo la mirathi. Tuseme mwisho wa ukurasa wa 3 umeandikwa kwamba mke anarithi robo ya mali iliyoachwa na mumewe. Maelezo yanaendelea ukurasa wa 4: hiyo ni pale ambapo mume hakuacha mtoto, akiwa ameacha mtoto, fungu la mke ni thumuni, yaani moja ya nane. Hukumu zote mbili zimo katika Suratun-Nisaa, aya ya 12.

Sasa karatasi ya 4 ikidondoka njiani, msomaji ataona robo na atadhani hukumu imeishia hapo. Kama mali iliyobaki baada ya kulipa madeni na kutekeleza wasia ni shilingi milioni 8, robo yake ni milioni 2 na thumuni ni milioni 1. Marehemu akiwa ameacha watoto, basi shilingi milioni 1 imetolewa katika haki ya warithi wengine kwa sababu ya karatasi moja iliyopotea. Mwandishi hakukosea hata neno moja, lakini ujumbe wake umefika pungufu.

Namba za kurasa zingemstua msomaji. Angeona 3, kisha 5, akaenda kumuuliza ustadhi wake. Ndiyo maana tunasema namba ya ukurasa ni sehemu ya amana ya elimu. Anayeandika hukumu ya dini anatakiwa ahakikishe pia kwamba inamfikia msomaji ikiwa nzima na kwa mpangilio wake.

WALIOTUTANGULIA WALIFANYAJE?

Wanachuoni na waandishi wa zamani walilijua jambo hili kabla ya mashine za uchapaji. Katika vitabu vingi vya Kiarabu vilivyoandikwa kwa mkono, chini ya ukurasa, pembeni, utakuta neno moja limeandikwa peke yake. Neno hilo ndilo la kwanza katika ukurasa unaofuata. Kwa Kiarabu huitwa ta'qiba. Aliyekuwa akifunga kitabu aliangalia neno la chini, akalilinganisha na neno la kwanza la karatasi iliyofuata. Yakilingana, mpangilio ni sahihi. Hata baadhi ya vitabu vya zamani vilivyopigwa chapa vina maneno hayo. Mwombeni maalim awaonyeshe kama anacho kimoja.

Wanafunzi wa hifdhi nao wanaijua faida ya kurasa zisizobadilika. Msahafu wa Madina, unaopigwa chapa katika Jumba la Mfalme Fahd, una kurasa 604, na kila ukurasa unamalizikia mwisho wa aya. Suratul-Kahf huanzia ukurasa wa 293, Yasin ukurasa wa 440, na Juzuu Amma ukurasa wa 582. Mwanafunzi wa nchi moja akimwambia mwenzake wa nchi nyingine "nimefika ukurasa wa 440", wanaelewana papo hapo.

HATUA ZA KUWEKA NAMBA

Tutatumia programu ya Microsoft Word kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka. Tunayataja maneno ya Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye kioo cha kompyuta ili mwanafunzi ayatambue.

1. Fungua faili lako. Juu kabisa bofya neno "Insert".

2. Bofya "Page Number". Itashuka orodha. Chagua "Top of Page" ukitaka namba ikae juu, au "Bottom of Page" ukitaka ikae chini.

3. Chagua mkao: kushoto, katikati au kulia. Namba itajiweka yenyewe katika kurasa zote.

4. Bofya mara mbili haraka katikati ya maandishi yako ili urudi kwenye kazi.

Wenye kompyuta za zamani zenye Word ya 2003 au ya kabla yake watabofya "Insert" kisha "Page Numbers", na dirisha dogo litafunguka la kuchagua mahali. Wanaotumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, au Google Docs, wataikuta kazi hii chini ya neno lile lile "Insert".

Tahadhari: usiandike 1, 2, 3 kwa vidole chini ya kila ukurasa. Ukiongeza aya moja katikati, maandishi yote husogea, na ile 4 uliyoiandika itajikuta katikati ya ukurasa wa 5. Namba inayowekwa na programu hujirekebisha yenyewe kila maandishi yanaposogea.

JALADA LISIONYESHE NAMBA

Kijitabu chenye jalada hakipendezi kikiwa na namba 1 chini ya jina la madrasa. Bofya mara mbili kwenye namba yenyewe, kisha weka alama ya vema kwenye "Different First Page". Namba ya ukurasa wa kwanza itaondoka.

Hata hivyo ukurasa unaofuata utasoma 2. Ukitaka usome 1, rudi "Page Number", bofya "Format Page Numbers", na kwenye "Start at" andika 0. Jalada litahesabiwa sifuri bila kuonekana, na maandishi yataanza na 1.

UTANGULIZI KWA NAMBA ZA KIRUMI

Vitabu vingi huhesabu dibaji na yaliyomo kwa i, ii, iii, kisha somo lenyewe likaanza na 1. Ili kufanya hivyo, faili ligawanywe sehemu mbili:

1. Weka kishale mwisho wa utangulizi. Bofya "Layout" (kwenye matoleo kadhaa ya nyuma ni "Page Layout"), kisha "Breaks", kisha "Next Page". Hapo sehemu ya pili imezaliwa.

2. Bofya namba iliyo kwenye utangulizi, nenda "Format Page Numbers", na kwenye "Number format" chagua i, ii, iii.

3. Nenda ukurasa wa kwanza wa somo, bofya namba yake, fungua "Format Page Numbers" tena, chagua 1, 2, 3, na kwenye "Start at" andika 1.

Kama unataka utangulizi usiwe na namba kabisa, bofya kwanza sehemu ya namba katika ukurasa wa kwanza wa somo, kisha zima "Link to Previous". Neno hilo ndilo linaloziunganisha sehemu mbili. Lisipozimwa, ukifuta namba huku zinafutika na kule. Na ukiona ukurasa wa kwanza wa somo hauna namba, angalia "Different First Page". Huenda alama ya jalada imerithiwa na sehemu ya pili. Iondoe hapo tu.

"UKURASA 3 KATI YA 8"

Tumesema namba humstua msomaji karatasi ya katikati inapopotea. Je, ikipotea ya mwisho? Mwenye kurasa 1 hadi 7 hawezi kujua kwamba kulikuwa na ya 8. Dawa yake ni kuandika na jumla.

Katika orodha ya "Bottom of Page" shuka chini mpaka uone "Page X of Y". Chagua mojawapo. Itaandika kwa Kiingereza, nawe futa maneno hayo mawili ya Kiingereza na uandike "Ukurasa" na "kati ya". Tarakimu usiziguse, maana hizo ndizo zinazojihesabu. Ukitumia mtindo huu, ni bora karatasi ya kwanza nayo ihesabiwe 1, kwa sababu jumla huhesabu karatasi zote pamoja na jalada. Ukiianzisha na sifuri, kijitabu cha kurasa 8 kitamalizikia "7 kati ya 8", na msomaji ataitafuta karatasi isiyokuwepo.

Wazazi wetu, mtindo huu unawahusu zaidi nyinyi. Wasia, hati ya deni, mkataba wa nyumba na kumbukumbu za wakfu zote ziandikwe hivi, na kila ukurasa utiwe saini. Karatasi ikichomolewa au ikipachikwa nyingine, itajulikana. Mtakumbuka kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Katika msahafu wa Madina aya hiyo moja imejaza ukurasa mzima wa 48. Anayejali haki za watu hazembei katika kuziandika.

MAANDISHI YA KIARABU

Kitabu cha Kiarabu hufunguliwa kutoka kulia, kwa hiyo na kurasa zake zifuate njia hiyo. Baada ya kuiongeza lugha ya Kiarabu katika programu, fungua dirisha la "Page Setup", nenda "Layout", na kwenye "Section direction" chagua "Right-to-left".

Ukitaka namba zisomeke ١، ٢، ٣, fungua "File", "Options", kisha "Advanced", utafute "Numeral" na uchague "Hindi". Msishangae jina hilo. Waarabu wenyewe huziita tarakimu hizo za Kihindi, kwa kuwa asili yake ni Bara Hindi.

KABLA YA KUTOA NAKALA

Kwanza, pitia faili zima kwenye kioo kuanzia jalada hadi mwisho, ukisoma namba tu. Pili, toa nakala moja, uihesabu kwa mkono, ulinganishe na namba ya mwisho. Tatu, hakikisha namba haiko ukingoni mno mwa karatasi, kwani mashine ya fotokopi inaweza kuikata. Nne, kama karatasi zina aya za Qur'an, usizitupe nakala zilizoharibika ovyo. Mpelekee ustadhi azihifadhi kwa heshima.

ZOEZI

Kila mwanafunzi wa darasa la juu aandike maelezo ya udhu na nguzo za Sala, yasiyopungua kurasa 4, yenye "Ukurasa ... kati ya ..." chini yake. Kisha ampe mwenzake akiwa ameficha karatasi moja. Mwenzake aseme ni ipi iliyokosekana, na ni nguzo gani ya Sala ingempotea asiyejua.

Tunawaomba wazazi wenye kompyuta nyumbani wawasaidie watoto katika zoezi hili, na wasio nazo wawaruhusu wafike madrasa kulifanyia huku. Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe wenye kuifikisha elimu ikiwa kamili, na aifanye kuwa hoja yetu na si hoja juu yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.