Neno "mkoa" katika kontra yako

Ndugu mfanyakazi, soma tena kontra yako pale palipotajwa mahali pa kazi. Ikiwa imeandikwa "mkoa wa Gitega" tu, jihadhari.

Katika sheria, eneo ni mipaka ambamo amri ya serikali ina nguvu. Katika kontra, ni mahali ambapo mwajiri anaweza kukupeleka bila kupatana nawe upya. Mipaka hiyo miwili si lazima ilingane. Sheria ya Machi 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na mwaka 2025 mikoa mipya ikaanza kazi. Gitega ikameza Karuzi, Muramvya na Mwaro. Muyinga, Cankuzo na Ruyigi zikawa Buhumuza.

Sasa mkoboaji kahawa wa Gitega, aliyetia sahihi mwaka 2015, aambiwe: "Nenda Muramvya, ni mkoa ule ule." Sivyo! Kanuni ya mikataba ni kutafuta wapatanaji walikusudia nini siku ile, na siku ile Muramvya ilikuwa mkoa mwingine. Vivyo hivyo mwenzetu wa Muyinga asidanganywe kwamba kontra yake imekufa kwa kuwa mkoa umefutwa. Kiwanda kipo palepale.

Lakini anayeandikwa kazi leo hana kinga hiyo. Kwake "mkoa" ni huo mkubwa. Hata tarafa zilipungua, kutoka 119 hadi 42. Dai liandikwe jina la kiwanda au shamba lenyewe, na kilima kilipo, kabla hujatia sahihi.