Vichwa vya Habari na Mwili wa Maandishi

Msafiri atokaye Bunda kwenda Musoma hutazama vibao vya njiani, apate kujua amefika wapi. Vichwa vya habari ndivyo vibao vya msomaji. Basi aandikaye kwa kompyuta hana budi kujua namna ya kuvisimamisha.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 ni mfano mwema. Aliyeliandaa, Mwalimu Julius Nyerere, alizaliwa Butiama mwaka 1922. Azimio hilo lina sehemu tano. Nayo ya pili, ielezayo siasa ya ujamaa, imegawanyika tena katika mafungu manne. Tuseme karani wa Musoma ataka kulipiga chapa upya. Majina ya zile sehemu tano atayapa mtindo wa Kichwa cha Kwanza. Majina ya mafungu, Kichwa cha Pili. Na maelezo yote yaliyobaki, mtindo wa Mwili.

Mtindo ni amri iliyokwisha wekwa juu ya aina ya herufi, ukubwa wake, unene wake, na nafasi kati ya mistari. Mwili huweza kupewa herufi za ukubwa wa 12, Kichwa cha Pili 14, na Kichwa cha Kwanza 16. Akitaka mabadiliko, karani hahangaiki na kichwa kimoja kimoja. Hubadili mtindo mara moja, na vichwa vyote vya daraja ile hufuata.

Karani mvivu hukuza herufi tu, asitumie mtindo. Kwa macho kazi yake huonekana njema, lakini kompyuta haijui kuwa pale pana kichwa. Akiiamuru itengeneze orodha ya yaliyomo, vichwa vyake havimo. Tena yuko apataye hasara kubwa zaidi: kipofu asomewaye na kompyuta kwa sauti. Penye vichwa vya kweli, huruka sehemu hata sehemu mpaka afike atakapo. Pasipo navyo, hutafuta kwa taabu kama mgeni asiye na kiongozi.

Mitindo ikiisha kutengenezwa, karani huihifadhi katika kiolezo. Kiolezo ni kama kalibu ya matofali: tofali hutoka, kalibu hubaki. Kila taarifa mpya huanzishwa kwa kiolezo hicho, ikafanana na zilizotangulia, nacho chenyewe hakiguswi.

Hivyo apangaye vema mwanzoni hupunguza kazi ya mwishoni, na wasomaji wake, waonao na wasioona, huipata njia.