Ala za Bastola: Kifyatulio Kilivyoibadili Kazi ya Fundi

Iweke ala ya bastola iliyoshonwa El Paso, Texas, katika miaka ya 1920 kando ya ala mpya kutoka Idaho. Ngozi ni ileile: ya ng'ombe, nene, iliyosindikwa kwa tanini ya magome. Tofauti inajitokeza pale kidole kinapofika. Katika ala ya zamani kifyatulio kiko wazi. Katika ala mpya kimefunikwa chote.

Mafundi wa zamani hawakuwa wazembe. Kampuni ya S.D. Myres ya El Paso ilianza kwa kutengeneza matandiko ya farasi, na ala ilikuwa kazi ya pembeni. Tom Threepersons, mlinda sheria wa mpakani, alitaka ala nyepesi, iliyoinama kidogo, itakayomwezesha kuchomoa silaha haraka. Ngozi ikapunguzwa mpaka kifyatulio kikabaki nje. Rivolva ya Colt ya aina ya single action iliruhusu hilo, maana haikulia mpaka nyundo yake ivutwe kwanza kwa kidole gumba.

Wapenzi wa vitu vya kale husifu zaidi mshono. Fundi alitoboa kwa msharasi, akapitisha uzi wa kitani uliopakwa nta kwa sindano mbili, huku na huku. Uzi ukikatika mahali pamoja, mshono wote haufumuki. Karakana nyingi za leo hutumia cherehani nzito. Sifa hizo zimezidi kipimo: tandiko huvutwa na uzito wa mpanda farasi kutwa nzima, lakini ala haipati adha hiyo, na mshono mzuri wa mashine huitosha.

Kwenye umbo, mafundi wapya wamewapita wazee wao. Ngozi hulowekwa, ikaingizwa kielelezo cha bastola cha alumini au plastiki, ikakandamizwa hadi kila pembe ya silaha ijichore, kisha ikakaushwa. Bastola hushikwa na ngozi yenyewe, bila kamba wala kifungo. Katika miaka ya 1970 Bruce Nelson, askari wa California, alibuni ala ya kuvaliwa ndani ya suruali, Summer Special, ambayo Milt Sparks wa Idaho aliitengeneza na kuiuza. Mdomo wake umeimarishwa kwa utepe wa chuma ili usijifunge silaha ikitolewa. Jambo hilo si dogo: ngozi iliyolegea ikijikunja na kuingia kwenye kifyatulio, bastola inaweza kulia wakati wa kurudishwa alani.

Hatari hiyo iliongezeka baada ya Glock ya Austria kuenea katika miaka ya 1980, kwa kuwa haina kitufe cha usalama cha kubonyezwa kwa kidole gumba. Wakati huohuo polisi wa Marekani, waliokuwa wateja wakubwa wa kampuni za ala za Bianchi na Safariland, walianza kuhamia ala za plastiki zenye kufuli. Kydex, plastiki iliyotoka mwaka 1965, hupashwa moto na kufinyangwa kwa dakika chache. Ngozi inahitaji muda mrefu kukauka tu.

Ngozi imeokolewa na raia. Florida ililegeza masharti ya kubeba silaha iliyofichwa mwaka 1987. Texas iliondoa ulazima wa kibali mwaka 2021. Anayevaa bastola chini ya shati kutwa hutaka kitu kisichomkwaruza ubavu, na hapo plastiki hushindwa. Ndiyo maana mafundi wadogo wenye jina huwasubirisha wateja miezi kadhaa.

Malighafi haikubadilika sana. Hermann Oak ya St. Louis, iliyoanza mwaka 1881, bado husindika ngozi kwa tanini. Kusindika kwa kromu ni kwa haraka zaidi, lakini ngozi yake ni laini mno kwa kuumbwa, na chumvi zake zinaweza kuchochea kutu kwenye chuma.

Kwa mnunuzi, ala ya Myres iliyotunzwa vizuri ni mali ya mkusanyaji, na ikae kabatini. Kwa bastola ya kisasa, atafute ala inayofunika kifyatulio chote na ambayo mdomo wake unabaki wazi ikiwa tupu.