Hyde: Mji mdogo wa Uingereza ambao takwimu za uhalifu hazikuona mauaji 214

KWA takriban miaka 20, mji mdogo wa Hyde, ulioko kilomita chache mashariki mwa jiji la Manchester nchini Uingereza, uliishi na muuaji aliyekatisha maisha ya watu zaidi ya 10 kila mwaka kwa wastani. Katika muda wote huo, vifo hivyo havikuonekana popote katika takwimu za uhalifu.

Muuaji huyo hakuvunja mlango wa mtu. Alikaribishwa ndani na kupewa kiti, na mara nyingine ni wenye nyumba wenyewe waliokuwa wamempigia simu aje. Jina lake ni Harold Shipman, na kazi yake ilikuwa udaktari.

Kisa hicho kimesimuliwa sana kama habari ya mauaji. Kinachozungumzwa kwa nadra ni somo lake kuhusu swali ambalo wengi hujiuliza wanapotaka kuhamia mahali fulani, au kumpeleka mtoto kusoma huko: je, mji huu ni salama, na takwimu zinasemaje?

Siku hizi jibu linaonekana kuwa rahisi. Tangu mwaka 2011, tovuti ya polisi ya England na Wales, nchi mbili ambazo takwimu zake za uhalifu hukusanywa pamoja, imekuwa ikionesha idadi ya makosa kila mwezi, mtaa kwa mtaa. Mtu aliyeko Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuandika jina la mji na kupata ramani nzima ya wizi, uporaji na vurugu.

Hata hivyo, kuzisoma namba hizo bila kujua zinavyopatikana kunaweza kumpotosha msomaji, hasa pale mji unapokuwa mdogo.

Kiwango kinavyokokotolewa

Kiwango cha uhalifu hupatikana kwa kugawanya idadi ya makosa kwa idadi ya wakazi, kisha kuzidisha kwa 1,000 au 100,000 ili miji yenye ukubwa tofauti iweze kulinganishwa.

Hyde, mji uliokua kwa viwanda vya pamba, una wakazi wapatao 35,000. Iwapo mtu mmoja atauawa katika mji wa ukubwa huo, kiwango chake cha mauaji kwa mwaka kitafika watu watatu kwa kila 100,000. Kwa England na Wales nzima, kiwango cha miaka ya karibuni ni karibu mtu mmoja kwa kila 100,000.

Kwa maneno mengine, ugomvi mmoja wa kifamilia ulioishia vibaya unatosha kuufanya mji uonekane hatari mara tatu kuliko nchi nzima. Mwaka unaofuata, kama hakuna aliyeuawa, mji huohuo utahesabiwa kuwa na usalama usio na kifani, ingawa mitaa ni ileile, watu ni walewale na askari ni walewale.

Ndiyo sababu takwimu za mwaka mmoja za mji mdogo hazipaswi kutolewa hukumu. Zinahitaji kutazamwa kwa miaka kadhaa mfululizo.

Kasoro nyingine iko kwenye kigawanyo. Makosa huhesabiwa mahali yalipotendeka, lakini hugawanywa kwa watu wanaolala hapo. Eneo lenye soko, maduka na baa hupokea wageni wengi kila siku huku wakazi wake wakiwa wachache, hivyo kiwango chake hupanda hata kama wanaoishi hapo hawasumbuliwi na mtu.

Kinachohesabiwa ni kilichoandikwa

Jambo zito zaidi ni kwamba takwimu za polisi hazihesabu uhalifu uliotendeka. Huhesabu uhalifu ambao mtu ameutolea taarifa na askari akakubali kuuandika.

Novemba 2014, idara inayokagua utendaji wa polisi ilitoa ripoti iliyoeleza kuwa asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa katika vituo vya England na Wales hayakuandikwa kama uhalifu. Kwa hesabu ya mwaka, hayo yalikuwa makosa yapatayo 800,000. Januari mwaka huohuo, mamlaka inayosimamia takwimu nchini humo ilikuwa imekwishaziondolea takwimu hizo za polisi hadhi ya ubora wa kitaifa.

Polisi wanaohudumia Hyde wenyewe walikumbwa na kashfa hiyo. Desemba 2020, wakaguzi walieleza kuwa Jeshi la Polisi la Greater Manchester lilishindwa kuandika makosa yapatayo 80,000 katika mwaka ulioishia Juni 2020, sawa na kosa moja katika kila matano yaliyoripotiwa. Jeshi hilo liliwekwa chini ya uangalizi maalumu, mkuu wake akaondoka, na uangalizi huo ukaondolewa mwaka 2022.

Kutokana na hali hiyo, msomaji anaweza kuona jambo la ajabu: polisi wanapoanza kufanya kazi vizuri, idadi ya makosa hupanda. Anayetazama namba peke yake atadhani mji umeharibika, kumbe walioibiwa na kupigwa wameanza kusikilizwa.

Ili kuziba pengo hilo, England na Wales zina utafiti wa kaya ulioanza mwaka 1982. Wananchi huulizwa majumbani mwao kama wametendewa uhalifu, hata kama hawakwenda polisi. Wataalamu huutumia utafiti huo kupima mwelekeo wa uhalifu kwa nchi nzima.

Hata hivyo, utafiti huo nao una mipaka miwili. Wanaohojiwa hawatoshi kutoa picha ya mji mmoja mdogo, na aliyeuawa hawezi kuhojiwa.

Daktari aliyependwa

Hapo ndipo kisa cha Hyde kinapoingia. Shipman alifika katika mji huo mwaka 1977 na kujiunga na kituo cha afya kilichokuwa na madaktari kadhaa. Mwaka 1992 alifungua kliniki yake mwenyewe katika Mtaa wa Market, akawa na wagonjwa zaidi ya 3,000. Wazee walimpenda kwa sababu alikubali kuwafuata majumbani.

Waliomwamini hawakujua kuwa mwaka 1976 alikuwa amehukumiwa kulipa faini kwa kughushi maelekezo ya dawa ili ajipatie pethidine, dawa kali ya maumivu aliyokuwa ameizoea. Baraza linalosimamia madaktari halikumfutia leseni.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji Dame Janet Smith ilitoa ripoti yake ya kwanza Julai 2002. Ilithibitisha kuwa Shipman aliua wagonjwa 215, wanawake 171 na wanaume 44. Mmoja aliuawa katika mji wa Todmorden, alikofanyia kazi awali, na 214 waliuawa wakati akiwa daktari wa Hyde. Ripoti ya mwisho, iliyotolewa Januari 2005, ilikadiria kuwa jumla ya aliowaua tangu mwaka 1971 ni watu wapatao 250.

Silaha yake kuu ilikuwa sindano ya diamorphine, dawa ya maumivu ya jamii ya morfini. Baada ya hapo aliandika mwenyewe cheti cha sababu ya kifo, akitaja moyo, kiharusi au uzee. Cheti kilipelekwa kwa msajili, maziko yakafanyika, na jalada likafungwa.

Mfumo wa wakati huo ulimruhusu. Daktari aliyemtibu marehemu siku za mwisho aliweza kuthibitisha sababu ya kifo bila kuulizwa na mtu, na kwa maiti ya kuzikwa saini yake moja ilitosha. Maiti ya kuchomwa ilihitaji saini ya daktari wa pili, lakini mara nyingi huyo alitia saini kwa kumwamini mwenzake.

Tukichukua mauaji hayo 214 na kuyagawanya kwa miaka 20 na kwa wakazi wa mji, tunapata zaidi ya watu 30 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Kiwango cha nchi nzima miaka hiyo kilikuwa kati ya mmoja na wawili. Kwa hiyo Hyde ilikuwa miongoni mwa miji hatari zaidi nchini, huku vitabu vya polisi vikionesha mji wa kawaida kabisa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wakazi wa Hyde walifunga milango usiku wakiogopa wezi, na mchana wakaifungua kwa daktari.

Walioshtuka kwanza

Dalili zilionekana kwanza mitaani. Familia moja ya wazikaji wa mjini humo ilianza kushangaa kwa nini wagonjwa wa daktari mmoja wanakufa kwa wingi hivyo, wengi wao wakiwa wanawake wazee waliokutwa wamekaa vitini, wamevaa nguo zao za kawaida, bila dalili ya kuugua kwa muda mrefu.

Machi 1998, daktari wa kliniki ya jirani, ambaye wenzake na yeye waliombwa mara kwa mara kutia saini ya pili kwa ajili ya kuchoma maiti, alipeleka wasiwasi huo kwa ofisa wa kisheria anayechunguza vifo vyenye utata. Polisi waliarifiwa.

Uchunguzi ulifungwa katikati ya Aprili mwaka huo. Tume ilibaini baadaye kuwa askari hao hawakuangalia kumbukumbu za makosa ya Shipman, ambazo zingewaonesha ile hukumu ya mwaka 1976. Watu watatu zaidi waliuawa baada ya jalada kufungwa.

Wa mwisho alikuwa mjane wa miaka 81 aliyefariki Juni 1998. Shipman alighushi wosia wake ili arithi mali yake. Binti wa marehemu, ambaye ni mwanasheria, aliutilia shaka wosia huo akaenda polisi. Kaburi lilifukuliwa, dawa ikakutwa mwilini, na Septemba 1998 daktari akakamatwa.

Januari 31, 2000, mahakama ya Preston ilimtia hatiani kwa mauaji 15 na kosa la kughushi, akafungwa maisha. Alijinyonga gerezani Wakefield Januari 13, 2004.

Wataalamu wa takwimu waliopitia kumbukumbu za vifo baadaye waligundua kuwa wagonjwa wa Shipman walikufa zaidi mchana, baada ya adhuhuri, saa alizokuwa akizungukia nyumba, wakati wagonjwa wa madaktari wengine walikufa saa zozote za mchana na usiku. Ushahidi ulikuwepo katika makaratasi ya serikali kwa miaka mingi, ila hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuutazama.

Vifo vilivyohesabiwa baadaye

Sheria ya takwimu nchini humo ni kwamba mauaji huhesabiwa katika mwaka ambao polisi wameyaandika, si mwaka yalipotendeka. Kwa hiyo wahanga 172 wa Shipman waliingizwa kwa pamoja katika takwimu za mwaka ulioishia Machi 2003, wakati muuaji alikuwa gerezani na Hyde tayari ikiwa imeondokana naye.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mashabiki 96 wa Liverpool waliopoteza maisha kutokana na msongamano katika uwanja wa Hillsborough mwaka 1989. Vifo vyao viliingia katika takwimu za mwaka ulioishia Machi 2017, baada ya baraza la uchunguzi kuamua mwaka 2016 kwamba waliuawa kinyume cha sheria.

Anayechora mstari wa mauaji nchini humo bila kujua mambo haya mawili ataona vilima viwili na kudhani nchi ilikumbwa na wimbi la wauaji.

Kilichobadilishwa

Mabadiliko yamechukua muda mrefu. Usimamizi wa dawa kali uliimarishwa kwa kanuni za mwaka 2006, na tangu mwisho wa mwaka 2012 madaktari hulazimika kuthibitishiwa upya sifa zao kila baada ya kipindi fulani.

Badiliko kubwa zaidi lilianza kutumika kisheria Septemba 9, 2024, zaidi ya miaka 20 baada ya tume kuanza kutoa ripoti zake. Tangu siku hiyo, kila kifo England na Wales ambacho hakichunguzwi na ofisa wa vifo vyenye utata lazima kipitiwe na daktari mkaguzi asiyehusika na matibabu ya marehemu. Daktari anayemtibu mgonjwa hawezi tena kuwa shahidi pekee wa kifo chake.

Hyde yenyewe ina bustani ya ukumbusho wa wahanga, iliyofunguliwa Julai 2005 katika bustani kuu ya mji. Mtaa wa Market unaendelea na biashara zake.

Kwa anayetaka kuujua usalama wa mji kama huo, namba ni mahali pa kuanzia, si pa kuishia. Atazame miaka mitano badala ya mmoja, aulize kama polisi wa eneo hilo huandika wanachoambiwa, na aulize wenyeji wanaogopa nini na wanamwamini nani.

Mkaguzi mpya wa vifo naye ana swali lake. Kabla ya cheti kupitishwa, wafiwa hupewa nafasi ya kueleza kama kuna jambo lolote linalowatia wasiwasi. Katika miaka ya Shipman, hapakuwa na ofisa ambaye sheria ilimlazimisha kuwauliza hivyo.