Kibodi Isiyo na Waya Inaponyamaza

Kibodi isiyo na waya inaponyamaza, wengi hudhani imekufa, nao hutoa fedha za matumizi ya nyumbani kununua nyingine. Yafaa kwanza zitazamwe betri: zitiwe mpya, ncha za chanya na hasi zielekee panapostahili, na swichi iwe imewashwa. Vyuma vya betri vikiwa na ukoko mweupe, vipanguswe kwa kitambaa chenye siki kidogo, kisha vikaushwe. Halafu kipokezi, kile kidude kilichochomekwa nyuma ya kompyuta, kihamishiwe tundu la mbele. Mawimbi yake ya redio, aghalabu ya gigahezi 2.4, hudhoofishwa na umbali na vizuizi vya chuma. Ikiendelea kunyamaza, ijaribiwe pamoja na kipokezi chake kwenye kompyuta nyingine. Ikiandika huko, kibodi haina kosa. Fundi aitazame kompyuta, na fedha zisalie nyumbani.